Nani Ameandika Orodha? Somo Kutoka kwa Vocha za Pembejeo



Somo la robo hii limeandaliwa kwa ajili ya kamati za diakonia na maendeleo za sharika, na linahusu ruzuku ya pembejeo za kilimo. Najua wajumbe wa sharika za katikati ya jiji watauliza: sisi wa Kariakoo na Gerezani tunahusikaje na mbolea, wakati shamba letu ni fremu ya duka? Tunahusika. Sehemu kubwa ya mbolea inayotoka nje ya nchi hushushwa bandarini Dar es Salaam kabla ya kupakiwa kwenda Nyanda za Juu Kusini. Maduka ya mbegu, dawa za mimea na mabomba ya kupulizia yako hapo hapo kuzunguka soko letu. Na kila mvua zinapokaribia, yuko muumini anayefunga biashara jioni na kutuma hela ya mbolea kwa mama yake Njombe, Mbozi au Songea.

Hata hivyo sababu kubwa ya kuchagua somo hili si mbolea yenyewe. Ni orodha. Kila kamati inayogawa kitu, iwe ni mahindi ya msaada, ada za wanafunzi, cherehani au mtaji wa akina mama wa genge, huanza na karatasi yenye majina. Mpango wa vocha za pembejeo uliandika moja ya orodha kubwa za walengwa ambazo nchi yetu imewahi kuwa nazo, na yaliyotokea katika orodha ile yameandikwa na kuchunguzwa kuliko yale yanayotokea katika orodha zetu za sharika. Kwa hiyo tunaweza kujifunza kwa gharama ambayo imekwisha kulipwa na wengine.

Kabla ya kuendelea, mjumbe mmoja asome kwa sauti Matendo ya Mitume 6:1-7. Tutairudia habari hiyo baadaye.

RUZUKU KABLA YA VOCHA

Watu wa mjini tuna tabia ya kuzungumzia ruzuku kama kitu wanachopewa watu wa shamba. Wazee wetu wanakumbuka vinginevyo. Hadi mwaka 1984 Serikali ilikuwa ikibeba sehemu ya bei ya sembe, na mfaidika mkubwa wa mpango huo alikuwa mlaji wa mjini, hasa wa Dar es Salaam. Ruzuku ile ilipoondolewa, bei ilipanda na familia nyingi za jiji zililia. Ni vema tukumbuke hilo tunapomhukumu mkulima anayeulizia mfuko wake wa mbolea.

Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku kubwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilipunguzwa hatua kwa hatua na kufikia katikati ya muongo ule ilikuwa imeondolewa kabisa, katika mageuzi ya uchumi ya wakati huo. Mwaka 2003 Serikali ilianza kurudi taratibu kwa kufidia gharama za kusafirisha mbolea kwenda mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakakubaliana kulenga kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta moja. Tanzania wakati huo ilikuwa chini ya kilo 10. Jirani zetu wa Malawi walikuwa tayari wameanzisha mpango mkubwa wa kuponi za mbolea mwaka 2005, na mavuno yao yaliyofuata yalizungumzwa kila mahali. Kisha mwaka 2007 na 2008 bei za chakula na mbolea duniani zikapanda kwa kasi. Hapo ndipo vocha zilipozaliwa.

VOCHA ILIVYOTAKIWA KUFANYA KAZI

Mpango wa Taifa wa Vocha za Pembejeo ulianza kwa upana katika msimu wa 2008/2009 na kuendelea hadi 2013/2014. Ulifikia takribani kaya milioni 2.5 na kugharimu takribani dola milioni 300 za Marekani, ambapo karibu nusu ilitokana na mkopo wa Benki ya Dunia. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu kwa ajili ya ekari moja ya mahindi au mpunga: moja ya mbolea ya kupandia (DAP, au mbolea ya Minjingu), moja ya mbolea ya kukuzia (urea), na moja ya mbegu bora. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei. Nusu nyingine mkulima aliilipa mwenyewe kwa fedha taslimu dukani kwa wakala. Wakala alikusanya vocha na kuzipeleka Benki ya NMB kulipwa. Kila kaya ilitakiwa kusaidiwa kwa misimu mitatu, kisha isimame yenyewe na kumwachia mwingine nafasi.

Naomba wajumbe wautazame mpango huu kwa haki. Karatasi haikuwa mbaya. Ulitumia maduka binafsi badala ya maghala ya Serikali, hivyo mawakala vijijini wakaongezeka. Uliweka ukomo wa miaka mitatu, jambo ambalo miradi yetu mingi haina. Na uliweka kamati ya vocha ya kijiji, yenye wanawake na wanaume, iliyochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kamati hiyo ndiyo iliyoandika majina.

Vigezo vya kuchagua ndipo pa kusimama kidogo. Mlengwa awe mkazi wa kijiji anayelima mwenyewe. Shamba lake la mahindi au mpunga lisizidi hekta moja. Awe tayari kutumia pembejeo kama anavyoelekezwa na awe na uwezo wa kulipa nusu yake. Kipaumbele kiwe kwa kaya zinazoongozwa na wanawake, na kwa waliokuwa hawajatumia pembejeo miaka ya karibuni.

Someni tena. Kuna vigezo viwili ndani yake vinavyovutana. Kimoja kinasema: mtafute aliye nyuma, mjane, asiyewahi kushika mfuko wa urea. Kingine kinasema: mtafute mwenye fedha mkononi. Serikali ilikuwa na malengo mawili kwa pamoja: kuongeza chakula katika nchi, na kumwinua maskini. Yote mawili ni mema. Lakini mfuko mmoja wa mbolea hauwezi kwenda kwa watu wawili, na kamati ya kijiji iliachiwa iamue lengo lipi litangulie bila kuambiwa kwamba inaamua.

KILICHOTOKEA KATIKA ORODHA

Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walichunguza ugawaji wa vocha katika Mkoa wa Kilimanjaro na kuchapisha matokeo mwaka 2012 katika jarida la World Development. Walikuta kwamba kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa zilipata karibu asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na katika vijiji ambavyo pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho ni kubwa zaidi.

Asilimia 60! Na hii ni Kilimanjaro, mkoa wenye shule nyingi, wenye sharika kongwe, wenye watu wanaojua kusoma tangazo ubaoni.

Tusikimbilie kusema ni wizi. Sehemu yake ilikuwa wizi, lakini sidhani kama wizi unaeleza yote, na kamati itakayosoma somo hili kama habari ya wezi itajiona iko salama. Tufikirie jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Vocha zinachelewa kufika, mvua zimeshaanza. Kamati inaitwa kwa haraka: majina yatakiwa wilayani keshokutwa. Hakuna muda wa kuitisha mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wanakaa na kujiuliza ni nani atakayeweza kulipa nusu yake wiki hii, kwa maana vocha isiyotumika itarudi na kijiji kitaonekana kimeshindwa. Wanawafahamu akina nani wenye fedha wiki hii? Wanajifahamu wao, ndugu zao na wanaokaa nao barazani. Mjane wa kitongoji cha mwisho hayupo kwenye kikao na hakuna anayejua kama angeweza kuuza mbuzi wake. Jina lake halikukatwa na mtu. Halikutajwa tu.

Hivyo ndivyo orodha inavyoweza kupinda mikononi mwa watu ambao kila mmoja wao, ukimwuliza peke yake, ana maelezo yanayoeleweka.

VOCHA ILIYOUZWA

Kulikuwa na tatizo la pili, na hili nawaomba wafadhili wetu walisome kwa makini. Chukueni mkulima maskini ambaye jina lake liliandikwa kwa haki. Ana vocha tatu mkononi lakini hana nusu ya bei. Nyumbani watoto wana njaa, maana miezi ya kupanda ndiyo miezi ya ghala tupu. Wakala anamwambia: nipe vocha zako, nikupe fedha kidogo sasa hivi, weka sahihi hapa. Anaweka. Wakala anapeleka vocha benki na kulipwa thamani yake yote. Taarifa za magazeti na za wakaguzi za miaka ile zilijaa habari za namna hii.

Tazama sasa kumbukumbu za mpango. Vocha imetumika. Sahihi ipo. Mlengwa ni mwanamke, mkuu wa kaya, mwenye ekari moja. Fedha zimelipwa. Kila safu ya taarifa imejazwa sawasawa, na hakuna hata punje ya mbolea iliyofika shambani.

Mpango mkubwa wa vocha ulipokwisha, utaratibu huo uliendelea kwa sura nyingine hadi msimu wa 2015/2016, na baada ya msimu ule mawakala wengi walibaki wakiidai Serikali. Ulifanyika uhakiki mrefu, na udanganyifu ulikutwa katika baadhi ya madai. Waliobaki wameumia zaidi ni wakala mwaminifu aliyekopa benki, akatoa mbolea kweli, akasubiri miaka huku deni lake likizaa riba. Huyu hatajwi sana. Mimi namtaja kwa kuwa katika sharika zetu pia, kamati ikivuruga hesabu, anayeumia kwanza huwa ni fundi au mwenye duka aliyetuamini akatoa mali kabla ya malipo.

MFUMO WA MWAKA 2022

Mwaka 2022, baada ya janga la Uviko na kisha vita ya Ukraine, bei ya mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP ilipita shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, katika Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya. Bei ya mfuko kwa mkulima ilishushwa hadi shilingi 70,000 kwa mbolea hizo mbili. Safari hii hakukuwa na vocha ya karatasi. Mkulima alijiandikisha kijijini, akapata namba yake kwa simu, akaenda nayo kwa wakala. Mifuko iliwekewa alama za kusomwa kwa simu, na mauzo yote yakasimamiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania.

Msimu wa kwanza ulikuwa na foleni ndefu, mtandao uliokatika, na wakulima waliolala mjini wakisubiri mfuko. Serikali ilionya pia kuhusu mbolea ya ruzuku iliyokuwa ikivushwa nje ya mipaka. Lakini matokeo yalionekana: kwa takwimu za Wizara ya Kilimo, matumizi ya mbolea nchini yalipanda kutoka takribani tani 360,000 mwaka 2021/2022 hadi zaidi ya tani 800,000 mwaka 2023/2024.

Mfumo huu ulikwepa tatizo la orodha kwa njia rahisi: kila mkulima aliyejiandikisha aliruhusiwa. Hakuna kamati inayochagua, kwa hiyo hakuna kamati inayojichagua. Ni hatua kubwa. Lakini fanyeni hesabu kidogo ubaoni. Kama ruzuku ni shilingi 50,000 kwa mfuko, mwenye ekari moja anayehitaji mifuko miwili anapata msaada wa shilingi 100,000, endapo ataweza kupata 140,000 za kulipia. Mwenye ekari 20 anapata shilingi 2,000,000. Asiye na 140,000 hapati kitu. Serikali iliamua safari hii kwamba lengo la kwanza ni mavuno, na kwa lengo hilo hesabu ni sahihi. Tusije tukauita msaada kwa maskini, tukaona kazi yetu ya diakonia kwa maskini imekwisha kufanywa na wengine.

WAJANE WA YERUSALEMU

Turudi sasa kwenye Matendo 6. Kanisa lilikuwa changa, lenye upendo na Roho. Lilikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane. Na bado wajane wa waumini waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Mwandishi hasemi kwamba mtu aliiba. Wajane wale walisahauliwa tu, kama mjane wa kitongoji cha mwisho.

Naomba mtazame mitume walivyofanya. Hawakuwakemea walionung'unika kwamba hawana shukrani. Hawakusema kamati iliyopo ni ya watu wa Mungu, kwa hiyo iaminiwe. Waliita mkutano wa wanafunzi wote. Mkutano ndio uliochagua watu saba wenye sifa njema. Kisha tazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Ina maana kwamba kazi ya kugawa ilipelekwa, kwa sehemu kubwa au yote, kwa watu wa upande uliokuwa ukisahauliwa. Sijui ni kamati ngapi za sharika zetu zingethubutu kufanya hivyo. Kwa kawaida anayelalamikia mgao tunamwona mchochezi, na hatumpi hata nafasi ya kuhesabu viti.

Mtume Paulo naye alipokusanya michango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakusafiri na fedha peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:18-21 anaeleza kwamba wengine walichaguliwa na makanisa kufuatana naye, kusudi asilaumiwe mtu, na kusudi mambo yaonekane mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Wapo wazee wa kanisa wanaoona kuulizwa hesabu ni kuvunjiwa heshima. Paulo hakuona hivyo.

ORODHA ZETU WENYEWE

Sisi wa Kariakoo hatuna vocha, lakini orodha tunazijua. Soko letu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Ujenzi ulipofikia hatua ya kurejesha wafanyabiashara, mwaka 2024, ikatangazwa orodha ya watakaorudi, na malalamiko yalikuwa makubwa kutoka kwa ambao hawakuona majina yao. Sihukumu nani alikuwa na haki. Nataka tu tukumbuke jinsi ilivyokuwa kwa mtu aliyekuwa na kizimba chake kwa miaka, akisimama mbele ya karatasi iliyobandikwa na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Vivyo hivyo mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: ilisitishwa mwaka 2023, baada ya wakaguzi kueleza habari za vikundi hewa na marejesho yaliyopotea, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine.

Sasa linganisheni na mnada wetu wa Jumapili. Ibada ikiisha tunatoka nje. Mama ameleta mkungu wa ndizi, mwingine kuku, mwingine debe la mahindi. Mnadishaji anataja bei kwa sauti, watu wanapandisha, wanacheka, mnunuzi anajulikana na fedha inaonekana ikipita. Katika miaka yangu ya kazi hii nimepokea malalamiko juu ya kila kitu, kuanzia saruji hadi sare za kwaya. Juu ya mnada sijapokea hata moja. Sababu si kwamba wanadishaji wetu ni watakatifu kuliko wahasibu. Bei ilitajwa mbele ya watu.

Marekani, ambako baadhi ya washirika wetu wanatoka, walijifunza jambo kama hili kuhusu ruzuku zao. Wamekuwa wakilipa wakulima tangu miaka ya 1930. Mwaka 1995 shirika moja la huko, Environmental Working Group, lilionyesha kwamba hundi nyingi za ruzuku ya kilimo zilikuwa zinatumwa kwa watu wanaoishi katikati ya miji mikubwa, wenye mashamba ya kukodisha ambayo hawayalimi. Baadaye shirika hilo liliweka majina na malipo wazi katika intaneti, na mkulima wa kaunti yoyote akaweza kuona jirani yake amelipwa kiasi gani. Wengi walikasirika. Lakini tangu hapo mjadala wa ruzuku ukawa na majina ndani yake. Hapa kwetu pia tunao wenye nyumba Kariakoo na ekari 50 Morogoro, na mfumo wa sasa haumzuii mtu huyo akiwa amejiandikisha. Sisemi ni dhambi. Nasema ni vema ijulikane.

JE, TUSOME MAJINA KANISANI?

Hapa najua mtanishika. Mchungaji mmoja aliniuliza swali hili kwa haki kabisa: je, nisimame madhabahuni nisome mbele ya watu 1,000 kwamba mama fulani hana unga? Hapana. Umaskini wa mtu si tangazo. Na zipo orodha ambazo haziruhusiwi kusomwa mahali popote, kama za wanaotumia dawa za kufubaza virusi au watoto waliopatwa na madhara nyumbani.

Lakini tusiifanye heshima ya maskini kuwa pazia la kamati. Yapo mambo manne yanayoweza kusemwa wazi bila kumvua mtu nguo: vigezo vilivyotumika, idadi ya waliopata katika kila mtaa, kiasi kilichotolewa, na ni wangapi kati yao ni ndugu au jamaa wa wajumbe. Majina yenyewe yasomwe katika jumuiya, nyumba kwa nyumba, ambako watu 15 wanaofahamiana wanajua tayari ni nani hana unga, na ambako mtu anaweza kusema: mmemsahau bibi wa chumba cha uani. Vocha zilipaswa kupita mkutano mkuu wa kijiji. Zilipopita kweli, watu waliona. Zilipopitishwa mezani kwa sababu ya haraka, yakatokea tuliyoyasoma.

Narudia neno haraka, kwa sababu wafadhili nao wana sehemu yao. Fedha zikifika Novemba na taarifa ikatakiwa Desemba, kamati itaandika majina yaliyo karibu na ofisi. Hakuna semina ya uadilifu inayoweza kushinda tarehe mbaya. Washirika wetu wakitupa wiki sita za kuandika orodha, watakuwa wametoa msaada ambao hauonekani katika bajeti.

KUHUSU MCHANGO WA MLENGWA

Jambo la mwisho ndilo gumu zaidi kwangu, kwa maana nimefundishwa, na nimefundisha, kwamba mlengwa asiyechangia hathamini. Vocha zilidai nusu. Miradi yetu hudai asilimia 10, au 25, au nguvu kazi. Naendelea kuamini kwamba mchango una faida: unazuia mtu kuchukua kitu asichokihitaji, na unampa haki ya kudai. Ila vocha zinaonyesha kwamba mchango ni mlango, na mlango una kimo chake. Mtaji wa shilingi 200,000 kwa mama muuza mboga, kwa sharti la kuleta 50,000 kwanza, tayari umeamua nani aingie. Aliye na 50,000 za akiba ana biashara inayotembea. Anayebeba sinia la karanga kwa mali ya mtu hana. Tukitaka kukuza biashara zinazotembea, sharti hilo ni zuri. Tukitaka kumfikia mbeba sinia, tumeshamfungia nje kabla ya kikao kuanza, halafu tutamwandika kwenye taarifa kwamba hakuonyesha mwamko.

Kwa hiyo kila kamati iandike kwa sentensi moja, kabla ya jina la kwanza, mradi huu ni wa nani: wa kuongeza uzalishaji, au wa kumfikia aliye chini kabisa. Ikiwa ni wa pili, mchango upunguzwe, ulipwe kidogo kidogo baada ya mauzo, au uwe wa kazi. Ikiwa ni wa kwanza, tuseme hivyo waziwazi kwa wafadhili, wala tusipige picha na wajane.

KWA KIKAO CHENU

Jadilini haya kwa uwazi. Chukueni orodha ya mwisho ambayo kamati yenu iliandika. Ni majina mangapi yalipendekezwa na mjumbe aliyekuwepo kikaoni, na mangapi yalitoka katika jumuiya? Ni mtaa gani haukuwa na mjumbe siku ile, na ulipata majina mangapi? Ni nani aliyelalamika mara ya mwisho, na kamati ilimjibu nini? Je, yuko mtu miongoni mwa walalamikaji anayefaa kuingizwa katika kamati?

Fomu ya orodha ya walengwa imebadilishwa. Zimeongezwa safu mbili: jina la aliyependekeza, na uhusiano wake na mlengwa. Uhusiano wa ndugu haumwondoi mtu kwenye msaada, maana hata mjumbe wa kamati anaweza kuwa na shangazi maskini; unatakiwa kuandikwa tu. Nakala zinapatikana ofisi ya miradi. Fomu itakayoletwa na safu hizo zikiwa tupu itarudishwa kwa kamati, hata kama majina yote ni sahihi.